UZI: Watoto wanaozaliwa na kasoro za moyo, na maswali ambayo wagombea hawaulizwi

1/ Msimu wa siasa ukikaribia, lazima usikie mambo matatu kuhusu ugonjwa wa moyo. Wa kwanza anapanda jukwaani na kuahidi hospitali ya kisasa ya moyo kwenye kaunti yake. Wa pili anapigwa picha akikabidhi hundi kubwa ya mtoto anayepelekwa India. Wa tatu anasema hakuna pesa, tungoje kwanza uchumi uinuke. Kisha sisi huku mtandaoni tunagawanyika kwa kambi na kutupiana maneno hadi usiku wa manane.

Leo tuache kambi kando. Mimi ni mwalimu wa historia, si daktari. Ninachoweza kuwapa ni hadithi ya jinsi binadamu alivyojifunza kutibu moyo wa mtoto, kwa sababu hoja hizo zote tatu zimeshajaribiwa na watu wengine, na matokeo yanajulikana. Sitataja mwanasiasa wala chama. Chukua chai, uzi ni mrefu.

2/ Tuanze na hesabu. Kote duniani, karibu mtoto 1 kati ya kila 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo. Kenya huzaliwa watoto zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ni kama watoto 10,000 kila mwaka. Karibu robo ya kasoro hizi ni kali kiasi kwamba mtoto anahitaji upasuaji au matibabu mengine ya moyo kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Sasa utasikia mtu akisema, "Hayo ni magonjwa adimu, tushughulikie malaria kwanza." Kweli, ukichukua kila kasoro peke yake ni adimu. Kuna mtoto ambaye mishipa mikuu miwili ya moyo imebadilishana nafasi. Kuna ambaye upande wa kushoto wa moyo haukukua. Kuna mwenye tundu kati ya vyumba vya moyo. Lakini ukiwaweka wote pamoja, unajaza shule nyingi kila mwaka.

3/ Kabla hatujaendelea, jambo moja kwa wale wanaomlaumu mama. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Wakati mwingine ni jeni, wakati mwingine ni kisukari kisichodhibitiwa wakati wa ujauzito, au dawa fulani, au rubela. Hiyo ya rubela iligunduliwa mwaka 1941 na daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliyeona watoto wengi wenye mtoto wa jicho, na wengi wao walikuwa pia na kasoro za moyo. Mama zao walikuwa wameugua rubela wakiwa na mimba. Kenya ilianza kuchanja surua pamoja na rubela mwaka 2016. Kwa hiyo ukimsikia mtu akipinga chanjo hiyo jukwaani, jua anagusa pia mambo ya moyo. Uchawi haumo kwenye orodha, wala "mama alikula nini".

4/ Haya, historia yenyewe. Kwa muda mrefu madaktari waliujua ugonjwa huu kwa kupasua maiti tu. Mwaka 1888 huko Marseille, Ufaransa, Étienne-Louis Fallot alieleza kasoro nne zinazokuja pamoja na kumfanya mtoto awe na rangi ya samawati kwenye midomo na kucha. Mpaka leo ugonjwa huo una jina lake. Mwaka 1936 Maude Abbott wa Montreal, Kanada, ambaye chuo cha McGill kilikuwa kimemkatalia kusomea udaktari kwa kuwa ni mwanamke, alichapisha atlasi ya kasoro za moyo iliyotokana na wagonjwa 1,000.

Fikiria: kumbukumbu za watu 1,000, kila kasoro ina jina, na tiba hakuna. Mzazi alikuwa anaambiwa mtoto ana nini, kisha anarudishwa nyumbani.

5/ Mlango ulifunguka mwaka 1938 Boston. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mdogo unaounganisha mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu, kwa sababu mapafu bado hayafanyi kazi. Akizaliwa, mshipa huo hujifunga wenyewe ndani ya siku chache. Usipojifunga, mapafu yanafurika damu. Mpasuaji kijana Robert Gross aliufunga kwa uzi kwenye kifua cha msichana wa miaka 7, wakati mkubwa wake wa kazi alikuwa safarini. Msichana akapona. Kwa mara ya kwanza ikaonekana kwamba kasoro hizi si hukumu ya kifo.

6/ Sasa mkumbuke mshipa huo, maana Helen Taussig wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ndiye aliyeuona kwa jicho tofauti. Harvard haikuwa ikitoa shahada ya udaktari kwa wanawake, hivyo akasomea kwingine. Uziwi ulimwingia, akawa anategemea vidole vyake kusikiliza kifua cha mtoto. Kliniki yake ya watoto wenye moyo ilikuwa imejaa watoto wa samawati, na akagundua jambo: wengine walizaliwa na nafuu, kisha wakabadilika rangi ghafla ule mshipa mdogo ulipojifunga.

Akajiuliza, kama kujifunga kwa mshipa kunawaua, kwa nini tusiwatengenezee mwingine? Alimpelekea Gross wazo hilo, naye hakulichukua. Alfred Blalock, mpasuaji mpya wa Johns Hopkins, akalichukua.

7/ Hapa ndipo wengi husimulia habari za Blalock na Taussig na kuishia hapo. Aliyeifanyia kazi mbinu yenyewe kwenye maabara, kwa mbwa karibu 200, alikuwa Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyekuwa fundi seremala. Akiba yake ya kwenda chuo ilipotea benki zilipoanguka mwaka 1930. Alishika kazi ya maabara na Blalock na kuvumbua hata vifaa vya kushonea mishipa midogo kiasi hicho. Kwenye orodha ya mishahara alikuwa anahesabiwa kama mfagiaji.

Tarehe 29 Novemba 1944 walimpasua mtoto wa miezi 15 mwenye uzito wa kama kilo nne tu. Blalock alimtaka Thomas asimame nyuma yake, juu ya kistuli, amwelekeze hatua kwa hatua. Mtoto yule alipata nafuu, ingawa alifariki miezi kadhaa baadaye. Wa tatu kupasuliwa alikuwa mvulana aliyebadilika rangi kutoka samawati hadi ya kawaida akiwa bado mezani. Baada ya hapo wazazi wakaanza kumiminika Baltimore kutoka kila pembe. Thomas alikuja kupewa shahada ya heshima mwaka 1976, zaidi ya miaka 30 baadaye.

8/ Kwa nini nawaambia habari za mshahara wa Thomas? Kwa sababu tunapobishana kuhusu migomo ya wahudumu wa afya, tunaongea kana kwamba daktari anayeonekana kwenye televisheni ndiye hospitali nzima. Mgomo wa madaktari uliomalizika Machi 2017 ulichukua siku 100. Wa mwaka 2024 ulichukua siku 56. Upasuaji wa moyo wa mtoto unahitaji mpasuaji, daktari wa usingizi, fundi wa mashine ya moyo na mapafu, wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi usiku na mchana, watu wa maabara na wa damu. Mmoja akikosekana, kazi haifanyiki. Ukiona ahadi ya jengo bila mstari wa mishahara, hiyo ni ahadi ya jengo tu.

9/ Tuje kwenye mashine. Operesheni ya 1944 ilisaidia lakini haikugusa ndani ya moyo. Ili ufungue moyo ni lazima kitu kingine kisukume damu. John Gibbon wa Philadelphia alihangaika karibu miaka 20 kutengeneza mashine hiyo, na tarehe 6 Mei 1953 akaziba tundu la moyo wa msichana wa miaka 18. Akapona. Wagonjwa waliofuata walifariki, Gibbon akavunjika moyo na kuacha.

Mwaka uliofuata Walton Lillehei wa Minnesota akafanya jambo la kushtua: aliunganisha mishipa ya mtoto na ya mzazi wake, moyo wa mzazi ukawa ndio mashine. Wapinzani wakasema operesheni moja inaweza kuua watu wawili. Kati ya wagonjwa 45, 28 waliruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna mzazi aliyefariki, ingawa mama mmoja aliumia vibaya. Mwaka 1955 mashine ikaboreshwa katika kliniki ya Mayo, na njia hiyo ya mzazi ikaachwa.

10/ Somo ni lipi? Mashine ya Gibbon ilifanya kazi. Kilichokosekana ni uzoefu wa timu, na utambuzi sahihi kabla ya kisu. Sasa linganisha na sisi. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodi vifaa vya kisasa kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Baadaye kamati ya Seneti ikakuta baadhi ya vifaa vimekaa tu, mahali pengine hakuna mtaalamu, pengine hakuna umeme wa kutosha au maji. Yeyote anayefungua mjadala kwa kutaja mashine, muulize nani ataiendesha Jumapili saa nane usiku.

11/ Baada ya hapo mambo yalienda kasi. Mwaka 1966 William Rashkind alipitisha mpira mdogo wa hewa kupitia mshipa wa mtoto mchanga, akapanua tundu la moyo ili damu ichanganyike, bila kufungua kifua. Mwaka 1968 Francis Fontan wa Bordeaux akafanya operesheni kwa mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa na chumba kimoja tu cha kufanya kazi ya kusukuma. Mwaka 1975 Adib Jatene wa São Paulo, Brazili, akafaulu kurudisha mahali pake mishipa mikuu iliyobadilishana nafasi. Ona, Brazili. Haikuwa nchi tajiri.

Na katika miaka hiyo ya 1970 ikapatikana dawa ya dripu inayozuia ule mshipa mdogo wa Taussig usijifunge. Mtoto mchanga aliyekuwa anakufa ndani ya saa chache sasa anaweza kungoja siku kadhaa akisafirishwa. Hiyo dawa haizinduliwi kwa utepe wala bendi. Lakini hospitali ya rufaa isipokuwa nayo, ambulansi mpya inabeba tu mtoto anayezidi kuishiwa pumzi.

12/ Sasa suala la muda, na hapa naomba yule anayesema "tungoje uchumi" asome polepole. Mwaka 1897 daktari wa Vienna, Victor Eisenmenger, alieleza mgonjwa aliyeishi na tundu kubwa la moyo mpaka ukubwani. Siku hizi tunajua kinachotokea: damu nyingi ikipigwa kwenye mapafu kwa nguvu miaka nenda rudi, mishipa ya mapafu inakuwa migumu. Ikishakuwa migumu, kuliziba tundu kunaweza kumuua mgonjwa. Operesheni ambayo ingemponya akiwa mchanga inakuwa haiwezekani tena.

Nina jirani ambaye mwanawe alitibiwa nimonia karibu kila msimu wa baridi tangu utotoni. Kila kliniki ilitoa dawa ya kikohozi na kumrudisha. Alipofika miaka tisa ndipo mtu akamwandikia kipimo cha eko. Mchango ulikuwa umeshaanza, kundi la WhatsApp lipo, kanisa limechangisha. Mama yake akaja kwangu jioni moja akaketi. "Mwalimu, wamesema tundu tungeliziba zamani. Sasa mapafu yamekataa." Akauliza zile pesa azirudishe kwa nani. Nilikosa la kumwambia.

Kwa hiyo "hatujafikia hapo bado" si jibu la katikati kwa watoto hawa. Kwao ni uamuzi.

13/ Twende Uingereza, kwa wale wanaotaka kituo cha upasuaji wa moyo kila kaunti. Katika mji wa Bristol, kati ya 1984 na 1995, watoto waliopasuliwa moyo walikuwa wakifa kupita kiasi. Daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, alianza kuhesabu na kupiga kelele ndani ya hospitali. Hakusikilizwa haraka. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Ian Kennedy ulitoa ripoti mwaka 2001: kati ya 1991 na 1995, watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walifariki zaidi ya ambavyo ingetarajiwa katika kituo cha kawaida.

Waliofanya kazi pale hawakuwa wauaji. Kituo kilikuwa kinapata watoto wachache, uongozi ulikuwa mbovu, na hakuna aliyekuwa akikagua matokeo.

14/ Sasa rudi kwetu. Kaunti 47, kila moja na jengo lake la moyo la kufunguliwa kwa mbwembwe? Watoto wangetawanywa, kila timu ingepasua wachache, na tungetengeneza Bristol zetu wenyewe. Najua hili halipendwi, hasa na sisi tuliopigania ugatuzi. Lakini Katiba yenyewe, Jedwali la Nne, iliacha hospitali za rufaa za kitaifa mikononi mwa serikali kuu na kuzipa kaunti hospitali zao na zahanati. Kazi ya kaunti kwa mtoto huyu ni kumgundua mapema, kumpa dawa ya dripu, kumsafirisha akiwa hai, na kumfuatilia akirudi. Vituo vichache vyenye wagonjwa wengi ndivyo vipasue, na vitoe hesabu ya matokeo hadharani.

15/ Na India je? Tusiwacheke wazazi wanaopanda ndege, wala waliowachangia. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya safari hizo. Lakini kama sera, ina mashimo mawili. La kwanza, mtoto mchanga aliyegeuka samawati leo hawezi kungoja pasipoti na viza. La pili, matibabu haya hayaishii siku ya operesheni. Wengi wanahitaji kuangaliwa miaka mingi, wengine kupasuliwa tena.

Jirani zetu Tanzania walipeleka wagonjwa wengi India kwa miaka, kisha mwaka 2015 wakafungua taasisi ya moyo pale Muhimbili, Dar es Salaam, na sasa watoto wanapasuliwa hapo. Walifika hapo kwa timu za kigeni kuja kufundisha, wenyeji wakajifunza wakiwa kazini. Kwetu pia wapo wanaofanya kazi hii, hospitali za umma na za misheni, na tangu miaka ya 1990 Nairobi imekuwa ikikimbia mbio za hisani za Mater kuchangia operesheni za watoto. Sifa zao. Lakini mbio za hisani haziwezi kuwa ndiyo bajeti ya nchi.

16/ Tuongee pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Na kuna Kifungu cha 20(5), ambacho sijawahi kusikia kikitajwa kwenye mjadala wa runinga: serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama hizo, ni jukumu la serikali kuonyesha kwamba kweli hazipo. Si jukumu la mama kuthibitisha kwamba zipo.

Tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mapato kwa bima mpya. Sheria ya 2023 pia iliunda hazina ya dharura na magonjwa sugu na mahututi, inayotakiwa kuchukua mzigo pale bima ya kawaida inapoisha, na inategemea pesa zinazotengwa na Bunge. Kwa hiyo kila mwaka bajeti ikisomwa, tafuta mstari huo. Ni kiasi gani kilitengwa, na ni kiasi gani kilitoka kweli?

17/ Mwisho, kile ambacho kingeweza kuanza bila kungoja jengo lolote. Mnakumbuka vile vidude vya kubana kidole tulivyovizoea wakati wa korona? Teknolojia hiyo ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Ukimpima mtoto mchanga mkono wa kulia na mguu mmoja, akiwa na umri wa saa 24 hivi, oksijeni ikiwa chini unapata onyo kabla hajaenda nyumbani. Hakuna sindano, inachukua dakika chache. Haishiki kasoro zote, lakini inashika nyingi zilizo hatari.

Marekani iliiweka kwenye orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga mwaka 2011. Utafiti uliotoka 2017 ulionyesha kwamba majimbo yaliyoifanya lazima yalipunguza vifo vya watoto wachanga vitokanavyo na kasoro hizo kali kwa karibu theluthi moja.

18/ Na sisi tuna nafasi ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Uzazi katika hospitali za umma ulifanywa bila malipo mwaka 2013. Mwaka 2014 akina mama 61 kati ya 100 walikuwa wanajifungulia kwenye vituo vya afya. Kufikia 2022 walikuwa 82. Yaani watoto wanane kati ya kumi wanapita mikononi mwa mkunga au muuguzi. Hata hivyo kipimo hiki bado si utaratibu wa kawaida katika hospitali zetu nyingi, na mama wengi wanaruhusiwa kuondoka kabla ya hizo saa 24 kwa sababu vitanda havitoshi.

19/ Basi mgombea yeyote akija kwenu, wa kiti chochote, rangi yoyote, muulizeni haya:

– Kila mtoto anayezaliwa kwenye hospitali ya kaunti atapimwa oksijeni kabla ya kwenda nyumbani? Kuanzia lini?
– Ile dawa ya dripu ipo kwenye hospitali yetu ya rufaa leo, au ni mpaka iagizwe?
– Mtoto akigundulika Ijumaa jioni, anapelekwa wapi, na nani analipa?
– Vituo vinavyopasua vitatangaza matokeo yao kila mwaka?
– Wahudumu mnaosomesha mtawaajiri, au mtawaacha waende ng'ambo?

Anayejibu kwa picha ya jengo hajakujibu.

20/ Ukiwa muuguzi au mkunga unayesoma huu uzi, andika hapo chini kama kituo chako kinapima au hakipimi. Usitaje jina la mtu, taja kaunti tu. Nitazipanga kaunti kwa orodha Jumamosi, ili safari hii tubishane tukiwa na kitu mkononi.